Ushauri: Mheshimiwa anataka kununua gazeti letu

Mzee wetu,

Mimi ni mkaazi wa Likoni, upande wa Mtongwe. Mimi na wenzangu wawili tunatoa gazeti dogo la Kiswahili, kurasa nane, kila baada ya wiki mbili. Tunaliuza kivukoni asubuhi watu wakienda kazini, tunapeleka mengine Mlaleo kule Kisauni, na mengine Magongo, Changamwe. Tumeandika habari za feri, za maji, za watu wa shamba la Waitiki na hatimiliki zao, na za fidia ya Dongo Kundu. Watu wametupokea vizuri. Tatizo ni pesa. Mwenye matbaa anatudai shilingi 84,000 na amesema hatatuchapia tena mpaka tumlipe.

Sasa kuna mtu mkubwa hapa kwetu, mfanyabiashara mwenye malori na zabuni za kaunti, na kila mtu anajua kwamba 2027 atagombea kiti. Alituita nyumbani kwake, akatukirimu, akasema anaipenda kazi yetu. Atalipa deni lote, atatupa ofisi na kompyuta mbili, na mshahara kila mwezi. Anachotaka ni asilimia 60 ya hisa, ziandikwe kwa jina la shemeji yake. Ametuapia kwamba hataingilia habari hata moja. Mwenzangu mmoja anasema tukubali, maana hata magazeti makubwa ya Nairobi yana wenyewe. Mjomba wangu, ambaye ni mtu wake, anasema nikikataa nitakuwa nimeivunjia familia heshima. Tena, Mzee, gazeti lenyewe hatujalisajili popote. Tukubali ama tukatae? Na tukikataa, tutaishi vipi?

Mwenye Kalamu, Mtongwe

Mwanangu,

Msikubali. Nimelitanguliza jibu ili usisome ukiwa na roho juu. Sasa nikueleze sababu, kisha nikueleze la kufanya, kwa kuwa kumwambia mtu anayedaiwa akatae pesa halafu ukamwacha hapo si ushauri.

Mwenzako amesema kweli kwamba magazeti makubwa yana wenyewe. Basi na tuwatazame hao wenyewe na yaliyoyapata magazeti yao, tena hatuna haja ya kuanzia Nairobi. Gazeti la Standard lilizaliwa hapahapa Mombasa. Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara mzaliwa wa Karachi aliyetajirika kwa kandarasi za reli, ndiye aliyelianzisha kwa jina la African Standard, na gazeti lenyewe huhesabu umri wake tangu 1902. Mwaka 1905 aliliuza kwa wabia wawili Wazungu, Anderson na Mayer. Likaitwa East African Standard, na mwaka 1910 likahamia Nairobi, ambako likawa sauti ya masetla. Jeevanjee mwenyewe alikuwa bado yuko katika siasa, akipigania haki za Wahindi katika koloni, na akawa mjumbe wa kwanza asiye Mzungu katika Baraza la Kutunga Sheria. Gazeti alilolianzisha kwa mali yake sasa lilikuwa upande wa wale waliompinga, na hakuwa na la kufanya. Alikwisha kuuza.

Baadaye Standard ilinunuliwa na Lonrho, kampuni ya Uingereza iliyoongozwa na Tiny Rowland. Katika miaka ya tisini ikaingia mikononi mwa wanunuzi waliohusishwa na Rais Daniel arap Moi na watu wake wa karibu. Utasikia watu wakisema kwamba heri kuwa na mwenyewe aliye mkubwa, atakukinga. Moi alitoka madarakani 2002. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 2006, watu wa usalama waliofunika nyuso waliivamia Standard, wakazima matangazo ya runinga yake, KTN, wakaingia kwenye mtambo wa kuchapisha na kuyachoma magazeti yaliyokuwa tayari kwenda sokoni. Waziri wa usalama wa wakati ule, John Michuki, aliutetea uvamizi huo hadharani. Basi kinga ya mwanasiasa hudumu kadiri yeye mwenyewe anavyodumu kitini. Huyo wenu hata kiti hajakipata.

Lakini mfano ulio karibu zaidi na jambo lenu ni wa Kenya Times, na ningependa nyote watatu muutafakari. Hilary Ng'weno alikuwa mwandishi hodari kupita wengi, mwenye jarida la Weekly Review lililosomwa na kila aliyetaka kuielewa siasa ya nchi hii. Mwaka 1977 alianzisha gazeti la Nairobi Times. Lilisifiwa, ila pesa zilimshinda, kama zinavyowashinda ninyi. Mwaka 1983 chama tawala cha KANU kikalinunua. Jina likawa Kenya Times, na baadaye likapata ndugu yake wa Kiswahili, Kenya Leo. Mwishoni mwa muongo huo aliingia ubia Robert Maxwell, tajiri wa magazeti wa Uingereza, na ndipo ukaja ule mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru, makao ya chama na gazeti lake, ambao mwanamazingira Wangari Maathai aliupinga mwaka 1989 mpaka ukafa. Gazeti la chama halikuwa mahali pa kuuliza kama jumba lile lilistahili kujengwa. KANU iliposhindwa katika uchaguzi wa 2002, gazeti lilibaki kama mjane asiye na ndugu, na mwaka 2010 likafungwa.

Humo mna jambo ambalo mwenzako hajalitia hesabuni. Mwanasiasa akishinda, gazeti lenu litakuwa la kumsifu. Akishindwa, hana tena haja nalo. Mtakuwa mmeuza kazi ya miaka kwa pesa za msimu mmoja wa kampeni, na Agosti 2027 si mbali.

Atakwambia kwamba magazeti mengine yana wenye mali wasioingilia kitu. Yako yaliyojitahidi. Gazeti la Taifa lilianzishwa na Charles Hayes mwaka 1958, Aga Khan akalinunua mwaka uliofuata, na mwaka 1960 zikatoka Taifa Leo na Daily Nation. Tangu 1973 kampuni ya magazeti hayo imeuza hisa kwa umma katika soko la hisa la Nairobi. Ina sera ya uhariri iliyoandikwa, ina bodi, ina wanahisa wengi. Hata hivyo, Januari 2016 mhariri Denis Galava aliondolewa baada ya tahariri ya Mwaka Mpya iliyomkosoa vikali Rais Uhuru Kenyatta. Kampuni ilisema hakufuata utaratibu. Mwaka huohuo mchoraji wa katuni Gado naye hakuongezewa mkataba. Sikuhukumii kesi hizo. Ninachotaka uone ni kwamba ikiwa jumba lenye bodi na sera na mawakili linapata mtikisiko wa namna hiyo, ninyi watatu wa Mtongwe mtasimama juu ya nini? Juu ya kiapo alichokitoa mtu sebuleni kwake, baada ya pilau?

Wengi wetu huishika Katiba ya 2010 tukadhani imemaliza kila kitu. Ibara ya 34 inaikataza Serikali kuingilia au kudhibiti uchapishaji na usambazaji wa gazeti, na kumwadhibu mtu kwa sababu ya maoni yaliyochapishwa. Ni ibara nzuri na imepiganiwa kwa jasho. Lakini anayekatazwa humo ni Serikali. Mwenye hisa akikupigia simu saa tatu usiku akakwambia habari ya zabuni ile iondoe, Katiba haina la kumwambia. Ulinzi wako dhidi ya mwenye gazeti umo katika karatasi za kampuni yenu tu, na karatasi hizo ndizo anazotaka kuzinunua.

Asilimia 60 maana yake ni hii. Kwa Sheria ya Makampuni ya 2015, mwenye zaidi ya nusu ya kura anaweza kumwondoa mkurugenzi kwa azimio la kawaida la mkutano wa wanahisa. Yaani anaweza kukuondoa wewe, kwa kufuata sheria, bila kuvunja kiapo chochote, kwa kuwa hakuapa kutokufukuza. Akifika asilimia 75 anaweza kuibadilisha hata katiba ya kampuni. Ikitokea siku moja, baada ya uchaguzi na kwa mtu mwingine kabisa asiye na zabuni wala kiti, mkaamua kuuza sehemu, ninyi watatu mbaki na zaidi ya nusu, na muandikiane kabla ya kupokea hata shilingi: mhariri huajiriwa na kuachishwa na nani, habari inayomhusu mwenye hisa huamuliwa na nani, na mtu akitaka kuuza hisa zake anaanza kumuuzia nani.

Na hilo la shemeji ndilo lililonikasirisha. Mtu anayependa kazi yenu kweli angetaka jina lake lionekane. Kwa kanuni za 2020, kampuni inatakiwa kumtaja kwa msajili mtu halisi anayenufaika na hisa kuanzia asilimia 10, hata kama zimeandikwa kwa jina la mwingine. Ukimficha, kosa ni la kampuni, na wakurugenzi ni ninyi. Pia msomaji wenu anadanganywa. Mama anayenunua gazeti kivukoni akasoma kwamba barabara fulani imejengwa vizuri, ana haki ya kujua kwamba malori yaliyomwaga kokoto ile ni ya mwenye gazeti.

Sasa usajili. Hapa nawalaumu kidogo, kwa mapenzi. Redio na televisheni hupewa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano, lakini gazeti husajiliwa kwa Sheria ya Vitabu na Magazeti, ambayo inataka mchapishaji aweke dhamana akiwa na wadhamini, na nakala za kila toleo zipelekwe kwa msajili. Dhamana hiyo ilikuwa shilingi 10,000. Mwaka 2002 Bunge likaipandisha mpaka shilingi milioni moja. Wakubwa hawakutetereka. Aliyeumia ni mdogo, yule wa vijikaratasi vinavyouzwa barabarani, na wengi tuliamini kwamba ndiye aliyelengwa. Naiona ni sheria mbaya mpaka leo. Lakini elewa kwamba dhamana si fedha taslimu za kwenda kuziweka mezani: ni ahadi iliyotiwa saini na watu wanaoweza kuilipa ikihitajika. Tafuteni wadhamini wenye mali, mwalimu mstaafu, mwenye duka, mtu wa ushirika, na muwaone kabla mheshimiwa hajajitolea kuwa mdhamini. Akiwa mdhamini atakuwa ameingia kwa mlango wa nyuma.

Msiuchukulie usajili kama jambo la kesho. Mwaka 2015 Serikali ya Tanzania iliuzuia usambazaji wa The EastAfrican, gazeti lililoanza 1994 na kuuzwa nchini humo kwa takriban miaka ishirini. Sababu iliyotolewa ni kwamba halikuwa limesajiliwa huko. Miaka yote hiyo hakuna aliyeona, mpaka siku maandishi na katuni zake zilipowachoma wakubwa. Karatasi inayokosekana huwekwa akiba, ikatolewa siku unayochapisha habari inayouma. Nanyi mmeshaanza kuandika habari zinazouma.

Mkishasajiliwa, jitambulisheni kwa Baraza la Vyombo vya Habari, mpate vitambulisho vya uanahabari, na msome kanuni za maadili. Tume ya Malalamiko ya Baraza hilo inaweza kumsikiliza mtu aliyeudhika na habari yenu bila kuanzia mahakamani, jambo ambalo kwa gazeti maskini ni nusura. Kashfa si kosa la jinai tena tangu Mahakama Kuu ilipokifuta kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu mnamo Februari 2017, lakini madai ya fidia yapo, na mtu ana miezi 12 ya kushtaki. Kwa hiyo wekeni madaftari yenu, wekeni kumbukumbu ya kila simu mliyompigia anayetajwa, na jibu lake lichapisheni hata likiwa la matusi.

Haya, pesa.

Mwenye matbaa naye ni mfanyabiashara, na mteja anayelipa kidogokidogo ni bora kwake kuliko mteja aliyekufa. Nendeni kwake watatu, mwombeni alipwe deni kwa miezi sita, na toleo jipya lilipwe taslimu kabla halijachapwa. Punguzeni kurasa ziwe nne. Tokeni mara moja kwa mwezi kama hapana budi. Gazeti la kurasa nne lisilo na bwana ni bora kuliko la ishirini na nne lenye picha yake kila ukurasa.

Tafuteni wenye mali wengi badala ya mmoja. Watu kumi wanatosha kusajili chama cha ushirika, na katika ushirika kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa tano au hamsini. Hilo ndilo ningelifanya mimi. Bara ya Mombasa ina walimu, mabaharia waliostaafu, wafanyakazi wa bandari, akina mama wa vyama, wenye maduka wa Bombolulu na Mikindani. Mwenye mali mdogo hawezi kukupigia simu usiku akutishe, kwa kuwa ana wenzake wa kumzuia.

Tengenezeni orodha ya bei za matangazo, moja kwa wote, ichapwe gazetini. Mheshimiwa akiipenda kazi yenu, na anunue ukurasa kwa bei hiyo, na juu yake paandikwe wazi kwamba ni tangazo la kulipiwa. Mpinzani wake akija na pesa ileile, apewe ukurasa uleule.

Angalieni sana matangazo ya serikali, ya kitaifa na ya kaunti. Magazeti makubwa yamekaa miaka yakidai mabilioni ya shilingi kwa matangazo yaliyokwisha kuchapwa. Machi 2024 Wizara ya Habari iliagiza idara za serikali zipeleke matangazo yao ya redio na televisheni kwa shirika la utangazaji la taifa, KBC, peke yake. Anayeweza kufungua mfereji kwa barua moja anaweza kuufunga kwa barua moja. Zikija pesa hizo zipokeeni, lakini msipange mishahara juu yake.

Na zungumzeni na redio za kwetu, Baraka, Rahma, Salaam na Pwani FM. Habari mliyoichimba wiki mbili kuhusu fidia ya Dongo Kundu inaweza kusikika hewani siku gazeti linapotoka, jina la gazeti likatajwa, na pengine mkalipwa. Pia mna silaha ambayo haina gharama kubwa: Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Andikeni barua kwa idara ya kaunti, muombe orodha ya zabuni za barabara za Likoni na waliozipata. Wana siku 21 za kujibu. Wakikaa kimya, pelekeni malalamiko kwa Tume ya Utawala wa Haki. Gazeti lenye hati mkononi hununuliwa hata na wale linaowakera. Halafu jiulize kama barua hiyo ingeandikwa siku ile mwenye malori ana asilimia 60.

Usidhani udogo wenu ni aibu. Katika mji huuhuu Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui alitoa Sahifa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932, magazeti madogo ya kuwaamsha watu wake kuhusu elimu, dini na hali yao chini ya ukoloni. Hayakudumu miaka mingi. Makala zake zilikusanywa zikawa kitabu, Uwongozi, na wanazuoni wanazirejea hadi leo.

Limebaki la mjomba wako, na najua ndilo linalokunyima usingizi. Mjomba ni mzazi, usimjibu mbele za watu wala usimjibu kwa simu. Nenda kwake jioni, umsalimie inavyopasa, umwambie kwamba hukumkataa mtu wake kama mtu, umekataa kuuza kitu kisicho chako peke yako. Mwambie pia kwamba mheshimiwa akichaguliwa, habari ya kazi yake nzuri itaaminika zaidi ikiandikwa na gazeti asilolimiliki. Akikasirika, mwache akasirike, kisha rudi tena baada ya wiki. Heshima ya familia haimo katika hisa za shemeji wa mtu.

Kwa mheshimiwa mwenyewe nendeni nyote watatu. Msipeleke ujumbe kwa mtu. Mshukuruni kwa ukarimu, mpeni ile orodha ya bei za matangazo, na msipokee bahasha ya nauli mnapoondoka.

Na kuanzia toleo lijalo, ukurasa wa pili, chapeni majina ya wenye gazeti na ya kila mtu aliyewachangia, pamoja na kiasi alichotoa. Msingoje sheria iwalazimishe. Fanyeni.

Kwenu wasomaji wengine mlio Likoni, Kisauni na Changamwe: mkiliona gazeti hilo kivukoni, msilisome juu ya bega la jirani. Linunueni. Mwenye duka, weka tangazo. Mwenye uwezo wa kuwadhamini vijana hawa watatu kwa msajili, na asiyetaka kiti wala zabuni, aniandikie kupitia ukurasa huu na nitamfikisha kwao.